Jeni Ngapi Zinatosha Kuishi?

Assalamu alaykum, walimu wangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliobanana mlangoni.

Nauliza hivi: ukimpunguza kiumbe jeni zake, yale maagizo ya mwili yaliyoandikwa kwenye DNA, utafika wapi kabla hajafa? Waliolifuatia sana swali hili ni kundi la mwanasayansi Craig Venter, Marekani. Walimchagua Mycoplasma mycoides, bakteria anayewaletea mbuzi ugonjwa. Mwaka 2010 waliiunda jenomu yake, yaani DNA yake yote, kwa kemikali, jeni 901, wakaitia ndani ya seli ya bakteria mwingine, ikaishi. Kisha wakaanza kupunguza.

Mwanzoni walitumia elimu yao tu: wakaorodhesha jeni walizoamini ni za lazima, wakaunda jenomu. Haikuleta uhai. (Mimi hapa ndipo nilipowapenda.) Ikabidi wamuulize bakteria mwenyewe. Walitumia vipande vya DNA vinavyojichomeka ovyo ndani ya jeni na kuiharibu: seli ikiendelea kuzaana, jeni ile haikuwa ya lazima. Lakini kuna jeni mbili zinazofanya kazi moja. Ukitoa hii, ile inashika zamu. Ukitoa ile, hii inashika. Utaandika kwamba zote hazihitajiki. Zitoe pamoja, seli imekufa.

Mwaka 2016 wakafika jeni 473, na 149 kati ya hizo hakuna aliyejua kazi yake. Seli zenyewe ziligawanyika ovyo ovyo, nyingine kubwa, nyingine kama uzi. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba kulikuwa na jeni 7 za kurudishwa ndipo zigawanyike sawasawa.

Sasa ubishi wangu. Bakteria huyu alikuwa akilishwa kila kitu maabara, mpaka kolesteroli. Jahazi likifungwa hapo gatini, waweza kulivua tanga, foromali, hata usukani, na lisizame. Haya, litoe bahari kuu msimu wa kusi! Kwa hiyo mtu akiniambia jeni fulani haina haja, namuuliza kwanza: ilipimwa wapi?

Mwaka 2004 watafiti walikata kwenye jenomu ya panya kipande cha herufi za DNA milioni 1.5 kisicho na jeni. Panya wakazaliwa, wakakua, wakazaa kama wenzao. Wapo waliofurahi wakasema: si mnaona, takataka tupu. Lakini panya wale walikaa kizimbani, chakula mbele yao, maji mbele yao. Waleteni huku Lamu, paka kila kichochoro, wapite vizazi kadhaa, ndipo tuhesabu waliobaki.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale.