Jina Lako Kwenye Orodha
(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Shikamooni wazee. Wengine, hamjambo.

Nyote mna grupu la harusi kwenye simu. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, taslimu. Aliyemaliza anawekewa tiki. Wewe uliyeahidi laki moja ukatoa elfu ishirini unajua mashemeji wanaona. Kesho yake unakopa, unatuma. Ni upendo huo? Uso umeumbwa na haya, ndugu zangu.

Na haya hiyo imeshapimwa. Mwaka 2006 huko Michigan, Marekani, watafiti walituma barua majumbani kabla ya uchaguzi wa awali. Barua mojawapo ilitaja nani hapo nyumbani, na nani kwa majirani, alikwenda kupiga kura chaguzi zilizopita, ikaahidi kuleta orodha nyingine baada ya uchaguzi. Siri ya kura haikuguswa. Kilichoanikwa ni kwenda au kutokwenda. Wasioandikiwa chochote walijitokeza asilimia 29.7. Walioandikiwa hiyo, asilimia 37.8. Na hakuna aliyelipwa hata senti.

Mtu wa serikali akisikia hivyo anafurahi: tubandike majina! Taratibu. Jicho linalomsukuma mwenye nacho ndilo linalomfukuza asiye nacho. Nimemwona mtu akijitoa kwenye grupu usiku wa manane, kisha akaacha hata kuja misibani. Akifiwa yeye, nani atamchangia?

Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 iliyaweka majibu ya kipimo kuwa siri. Yangekuwa yanatangazwa, nani angekwenda kupima? Lakini tazama TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini: majina ya kaya maskini hupelekwa mbele ya mkutano wa kijiji, na ipo sababu, mwenyekiti asije akaingiza ndugu zake. Siri hapo ingemlinda yeye, si maskini. Ila bibi anayesimama mbele ya kijiji kizima aonekane kweli hana kitu, naye ana uso.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: anayeonekana ni nani, mwenye shida au mwenye funguo za sanduku? Kwenye harusi yetu, mweka hazina anitumie deni langu mimi peke yangu, grupu lione jumla tu. Matumizi ndiyo yabandikwe, shilingi kwa shilingi, mpaka bei ya ndafu.

Michango itapungua, nakubali. Ninyi mnaocheka huko nyuma mnajua itapungua kiasi gani.