Rovu la Idjwi na mapasa wa Denmark

Wazazi wetu, wanafunzi wa udaktari, mama zangu wa Kadutu mliofunga meza sokoni mkaja: asanteni. Wanaonijua wanajua leo nagombana na nini. Nagombana na neno "iko katika jamaa", yaani ugonjwa ni wa kurithi katika ukoo, basi. Mtoto kavimba miguu, iko katika jamaa. Mama ana presha, jamaa. Ukishasema hivyo, hakuna tena anayeuliza mtoto alikula nini.

Njia ya kuchunguza urithi kwa mapasa, yaani mapacha, mnaijua, sitairudia yote. Wa yai moja wana jeni zile zile, yaani urithi ule ule wa wazazi, wa mayai mawili wanachangia nusu kwa wastani, na wote wamelelewa nyumba moja. Ugonjwa ukiwapata pamoja wa yai moja zaidi kuliko wale wengine, jeni zina mkono. Ukiwapata sawasawa, kachungulie chungu na kisima.

Sasa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Ndiyo, rovu tena, msicheke kule nyuma! Mwaka 1967 madaktari wa Ugiriki walichapa uchunguzi wao wa mapasa katika vijiji vyenye rovu jingi. Wa yai moja hawakufanana zaidi kuliko wa mayai mawili, jeni hazikuonekana. Mwaka 1999 Wadenmark, wenye daftari la mapasa tangu 1954, wakatoa hesabu ya wanawake wa kwao, ambako rovu haliwakumbi watu wa kijiji kizima. Jeni, wakasema, zinaeleza 82 kwa 100 ya tofauti kati ya watu katika kupata rovu. Nani kadanganya? Hakuna. Penye uhaba mkali wa iodini, madini ambayo tezi ya shingo inayahitaji, kila shingo iko hatarini, uwe wa ukoo gani. Uhaba ukipungua, ndipo tofauti za kuzaliwa zinajitokeza. Ile 82 inaeleza kundi la Denmark la wakati ule. Shingo yako haimo.

Atatokea mtu aseme 82 ni nyingi, dokta kashindwa. Endelea kusoma, ndugu yangu: pacha wa yai moja akiwa na rovu, mwenzake alikuwa nalo mara 42 tu kwa 100. Jeni zile zile, na zaidi ya nusu yao shingo safi.

Nasi hatuhitaji ndege. Panda boti uende Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu. Miaka ya 1960 watafiti Delange na Ermans walikuta kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana rovu, kusini-magharibi kama 5 kwa 100. Iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Sisi tungesema ukoo wa kaskazini umelaaniwa. Watafiti wakafuata muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri hubaki na sianidi, na mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia iodini kuingia kwenye tezi ya shingo. Hapo maswali ni mawili: chumvi ya nyumbani ina iodini? Na mihogo imekaa majini siku ngapi?

Najua mzee atakayesimama: mapasa wa yai moja huvalishwa kitenge kimoja, hulelewa sawa, ndiyo maana wanafanana. Swali zuri, na lilishapimwa. Kuna mapasa wanaodhaniwa kuwa wa yai moja, kumbe siyo. Kufanana kwao hufuata zaidi mayai waliyotokea kuliko wanavyodhaniwa.

Muda unakimbia. Bwaki, utapiamlo wa kuvimba miguu, upesi: Malawi, jozi 317 za mapasa, miaka 3 ya kwanza ya maisha, matokeo ya 2013. Katika jozi 43 kwa 100, mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake hakuupata, chungu kimoja. Kuwa wa yai moja hakukuleta tofauti. Vijidudu vya tumbo la mtoto mwenye bwaki vilipotiwa katika panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wakakonda. Mama mkwe anayemlaumu mke kwa ukoo wake asikie hilo.

Presha na sukari sikuzifikia, mwenyekiti ananionyesha saa. Tutazikuta kwenye maswali. Anza wewe mama, mkono wako umekuwa juu muda mrefu.