Ndege ya Bama: injini inazima, rubani anapona

REHEMA: Haya jamani karibuni, Rehema hapa, na mwenzangu leo kaingia studio kakumbatia boksi la viatu utadhani kabeba mayai.

SHABANI: Mayai bora, yakivunjika si unakaanga. Hii imenila miezi minne.

REHEMA: Nafungua... aisee, kindege cha kivita! Mabawa kama sentimita 15 hivi. Spitfire?

SHABANI: Kila mtu anasema Spitfire, au Mustang. Hii ni modeli ya Martin-Baker MB5, ndege ya kivita ya Uingereza, imepigwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Ya kweli iliruka mara ya kwanza 23 Mei 1944, injini Griffon ya nguvu farasi 2,340, mbio kama kilomita 740 kwa saa, mizinga minne ya milimita 20, na ikaundwa moja tu. Moja dunia nzima!

REHEMA: Nzuri hivyo halafu moja?

SHABANI: Ilichelewa. Mwezi wa saba mwaka huohuo Meteor za jeti zishaingia kikosini, nani anataka ndege ya mapanga ya kuzunguka puani tena. Sasa mimi nikajiuliza ingekuwaje isingechelewa, ndo nikaipeleka vitani Bama, Myanmar ya leo, mvua za 1944.

REHEMA: Ndo maana hizi duara ubavuni hazina wekundu? Mi nilidhani rangi iliisha.

SHABANI: Hapana bwana, kule Waingereza waliutoa wekundu makusudi, ndege za Wajapani zina duara jekundu, watu wakawa wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Ikabaki bluu nzito na bluu mpauko. Na hii mistari mieupe kwenye mabawa nayo ni ya kule.

REHEMA: Bama kwa sababu ya babu.

SHABANI: Babu mzaa mama, ndiyo, alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland yaani Malawi ya leo, waliteremka lile bonde la Kabaw kwenye matope mpaka Kalewa mwezi wa 12, chakula wanadondoshewa na ndege. Babu ukimuuliza vita anakusimulia matope na malaria basi. Ndege niliyochagua inaendana na matope, miguu yake imeachana sana haipinduki hovyo, na mabamba ya ubavuni yanafunguka chapchap, fundi anaifikia injini bila kubomoa nusu ya ndege.

REHEMA: Hapo sawa. Ila nikubane. Imechelewa kwa nini?

SHABANI: Ile iliyotangulia, MB3, ilikuwa na injini ya Sabre. 12 Septemba 1942 injini ikazima muda mfupi baada ya kuruka, Valentine Baker akajaribu kutua kwa dharura akafa. Ndo Baker wa kwenye jina la kampuni, rafiki na mshirika wa James Martin. Kwangu mimi siku hiyo injini haizimi.

REHEMA: Basi umejiharibia! Kama Sabre haizimi, Martin anahamia Griffon kwa nini? Ungekuwa na MB3 mkononi sa hizi.

SHABANI: ...Khaa.

REHEMA: Endelea tu kaka, nakusikiliza.

SHABANI: Haya, inazima. Inazima, ila Baker anaangukia shambani tope tupu, anatoka na mkono umevunjika. Martin bado anaikasirikia ile injini, anahama, lakini mwenzie yupo, kazi inaenda mbio.

REHEMA: Hiyo nakupa. Lakini si baada ya kifo cha Baker ndo Martin akashika usalama wa marubani, akatoa kile kiti kinachomrusha rubani nje? 1946 Bernard Lynch akarushwa kutoka kwenye Meteor, na viti vya kampuni hiyo vimeokoa watu zaidi ya 7,000. Umemponya Baker, hao elfu saba wako wapi kwenye boksi lako la viatu?

SHABANI: Dada we mbaya. Usiku sita sikuwaza hilo, nilikuwa nawaza mapanga.

REHEMA: Mapanga yana nini?

SHABANI: Ziko rafadha mbili, moja mbele ya nyingine, mapanga matatu matatu, na zinazunguka kinyume. Nikayachonga yote sita kwenye mkebe wa siagi, nikayalowesha maji moto nikayapinda moja moja kwa koleo, msasa, puti, rangi nyeusi, ncha za njano, nikabandika, nikajisifu. Asubuhi nakunywa chai nikayapulizia kwa mdomo kwa kiburi tu. Yote yakaenda upande mmoja.

REHEMA: Umeyapinda yote sawa!

SHABANI: Yote sita. Kwa panga za kinyume, mapindo nayo lazima yawe kinyume. Nikang'oa matatu ya nyuma kwa wembe, moja likaruka chini ya kochi mpaka leo, nikachonga upya. Na rubani nimembandika ndani kwa supaglu hata kiti chake sijakipaka.

REHEMA: Kiti tena.

SHABANI: Niache. Hebu pulizia hapo, taratibu.

REHEMA: Fyuuu... ya mbele inaenda kulia. Ya nyuma... ya nyuma haiendi kokote Shabani.

SHABANI: Supaglu imeingia kwenye ekseli. Nipe wembe.