Kichwa Kitangulie Mkono: Mhadhara kwa Walimu wa Chekechea, Moshi

Walimu, na wazazi mliotoka Majengo na Pasua, karibuni. Leo nazungumzia bao. Si lile la vijiweni lenye mashimo 32 na kete 64; mtoto wa miaka mitano atalifikia baadaye. Chimbeni safu moja tu ya mashimo 8 kwenye udongo wa uwanjani. Kete ziwe vizibo vya soda. Maharage yanaingia puani, na watakaopanga foleni hospitali ni nyie.

Weka kete 3 shimo la 1 na kete 2 shimo la 4. Mengine yabaki matupu. Kabla mtoto hajagusa kitu, mwulize: "Ya mwisho italala wapi?" Aweke jani kwenye shimo analolidhania. Ndipo achote za shimo la 1, agawe moja moja kuanzia la 2. Ya mwisho inaingia la 4, ambalo sasa lina 3. Kwa kuwa halikuwa tupu, anazichota zote, anaendelea, analala la 7, ambalo lilikuwa tupu.

Wengi wataweka jani la 6. Msikimbilie kusahihisha, maana makosa mawili tofauti yanazaa jibu hilohilo. Mwulize: "Ulipochota la 4, ulibeba ngapi?" Akisema 2, amesahau kete iliyoingia. Akisema 3, anahesabu na shimo alilochota. Wa kwanza anahitaji kukumbuka, wa pili anahitaji kuhesabu. Dawa si moja. Kwa vyovyote vile, agawe mwenyewe mpaka aone jani na kete havikukutana. Mwalimu akitaja jibu, zoezi limekufa.

Akipatia mara 3 mfululizo kwa kuelekeza kidole, mwondolee kidole, atumie macho. Halafu atazame, afumbe macho, ajibu. Akiyumba, mrudishieni kidole bila maneno mengi.

Dakika 10 kila siku zinatosha. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe, alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa yanashika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kumkalisha mtoto saa mbili Jumamosi ni kumchosha bure.

Tena, wauzaji wa programu za kunoa ubongo hawawaambii hili: anayebobea kwenye mchezo hubobea kwenye mchezo huo. Hesabu haiji yenyewe. Siku hiyohiyo chora kwa chaki mstari wa 0 hadi 10, uulize: "Uko 4, ruka mara 3, utafika wapi?" Anayejibu 6, mara nyingi ni yule anayehesabu shimo alilochota. Kesho mwanzishie kete 3 shimo la 1, la 4 likiwa tupu.