Kufunga resti ya mshale kwenye upinde wa roda

Habari zenu wapendwa. Leo tupo gereji, hapa Columbus, Ohio, upinde huu hapa mezani, na mada ni ile mnayoniuliza kila siku: resti. Kile kijidude ambacho mshale unalalia kabla hujauachia. Watu wanamwaga dola kwenye upinde, halafu resti wanachukua yoyote iliyobaki kaunta. Mshale ukienda kombo, lawama zote kwa upinde.

Saizi kwanza, haraka haraka. Nyoosha mikono pande zote mbili, mtu akupime kwa inchi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Ukipata 70, urefu wako wa kuvuta ni 28 hivi. Nguvu: kaa kwenye kiti, nyanyua miguu, vuta taratibu upinde ukiwa umeelekea mbele. Ukilazimika kuuelekeza angani ndipo uweze kuvuta, paundi zimekuzidi, punguza. Hakuna aibu. Novemba hapa unavuta ukiwa na makoti mawili na vidole vimekufa ganzi. Paundi 50 unazozimudu zinatosha kabisa kwa kulungu.

Ndugu zangu mlioko Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo nyie hii ni ya kulenga shabaha tu. Na mlioko huku, leseni kwanza. Msiniletee kesi.

Mshale. Namba ya ubavuni, 340, 400, 500, ni ugumu wake, na inasomwa kinyume: namba ndogo, mshale mgumu. Wanaulaza juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza gramu 880 katikati, wanaangalia umepinda kiasi gani. Ukipinda inchi 0.400, huo ni 400. Uzito usipungue greini 5 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila paundi ya kuvuta: upinde wa 50, mshale kuanzia greini 250, na kwa kuwinda nenda juu zaidi. Na upinde mtupu hauachiwi. Kamwe. Hata kwa mzaha dukani.

Haya, resti. Zipo nyingi, mimi nawaonyesha mbili.

Hii ya brashi: duara la nywele ngumu, mshale unapita katikati. Hauchomoki hata upande nao mtini. Bei nafuu, hakuna kinachosogea. Ubaya wake manyoya ya mshale yanasugua, na baridi ikiwa kali brashi zinaganda. Unayeanza, nunua hii, na nusu ya video hii haikuhusu.

Hii nyingine ni ya kuanguka. Ndiyo ninayotumia. Inaubeba mshale unapovuta, ukiachia inajiangusha yenyewe kabla manyoya hayajafika.

(Wahadzabe kule Eyasi watatucheka, maana wao resti yao ni ngumi. Lakini upinde wao hauna kamba za kuhesabu.)

Bolti inaingia kwenye tundu hili. Kaza nusu. Weka mshale. Ukiutazama kwa ubavu, uwe unapita katikati ya tundu la bolti. Pimamaji moja kwenye uzi wa upinde, ule unaorusha mshale, nyingine juu ya mshale: upinde wima, mshale umelala sawa. Halafu upande: kutoka kwenye ukuta wa upinde hadi katikati ya mshale, inchi 13/16, milimita 20 na ushee. Ni pa kuanzia tu, tutahamisha... ngoja. Kamera imeng'ang'ania mashine ya kufulia. Sasa je? Haya, mnaiona rula.

Sasa tulieni. Kamba.

Upinde una kebo hizi. Vuta kidogo, utaona moja inashuka. Hiyo ndiyo inayofungwa kamba ya resti. Kebo ikishuka, kamba inavutika, kidole cha resti, kile kinachobeba mshale, kinanyanyuka. Fundo liwe la kuteleza, na hii skrubu ndogo ya kubana kamba iguse tu. Usiikaze. Narudia, usiikaze bado.

Mwite mtu asimame ubavuni. Mshale kwenye uzi, umelenga gunia, vuta taratibu. Yeye anaangalia kidole tu. Kinatakiwa kifike juu kabisa katika inchi ya mwisho, mbili zikizidi. Kikifika mapema, wewe bado unavuta na kamba haina pa kwenda: inakatika, au inaivuta kebo pembeni. Kisipofika, mshale unatoka ukiwa umelala vibaya. Telezesha fundo nusu sentimita, vuta tena. Bado hujakaza? Vizuri. Sasa kaza. Kisha zungushia uzi wenye nta juu na chini ya fundo, lisihame. Huo uzi nauza, kiungo kiko hapo chini.

Unataka kujua kama manyoya yanagusa resti? Paka lipstiki kwenye manyoya, piga mshale mmoja, kagua resti. Omba ruhusa kwa mwenye lipstiki kwanza.

Mwisho karatasi, tuone mshale unaruka umenyooka au la. Ibane kwenye fremu, gunia nyuma yake, simama kama mita mbili, piga. Tundu la duara na alama tatu za manyoya, umemaliza. Mpasuko ukionyesha mkia uko juu, nyanyua resti kidogo, au shusha kitanzi cha kwenye uzi. Kidogo maana yake nusu milimita. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukishika viwili hutajua kipi kimekusaidia.

Bolti zote kaza sasa, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye resti. Kila kabla hujatoka nyumbani tupia jicho: mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka, rudi kwenye karatasi.