Kiinua mgongo, nyumba ya Ipuli na kodi iliyosahaulika

ZUHURA: Shikamooni wazee wetu, na wengine wote hamjambo. Leo tunaongea na mtumishi aliyestaafu au anayehesabu miezi. Pesa ikiingia tu benki, wazo la kwanza ni nyumba. Mimi ni Zuhura, tuko Tabora mjini, na kaka Masanja yupo.

MASANJA: Mwangaluka dada. Nipo. Hebu anza na ile habari ya mama mdogo, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

ZUHURA: Mama mdogo wangu alikuwa muuguzi. Alipostaafu akapata nyumba Ipuli, hapa hapa Tabora, vyumba vitatu, mwembe uani. Alimlipa muuzaji karibu kiinua mgongo chote, ikabaki nauli ya kuhamisha vyombo. Waliandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa: karatasi moja ya mistari, mashahidi wanne, na alama ya dole gumba la muuzaji kwa wino wa bluu. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha akaifungia sandukuni chini ya vitenge. Akahamia, akapaka rangi, akafuga kuku. Miaka sita hati ya nyumba inasoma jina la muuzaji.

MASANJA: Kwa nini hakubadilisha jina?

ZUHURA: Hela ya kodi haikubaki. Alipoambiwa kuna ushuru wa stempu, kuna ada za uhamisho, kuna kumlipa mthamini, akasema atamaliza akivuna mpunga. Mpunga ukavunwa, ada za shule zikaula. Kisha muuzaji akafariki.

MASANJA: Hapo sasa unaingia kwenye mirathi ya watu.

ZUHURA: Mirathi ya watoto watano, kila mmoja na mji wake.

MASANJA: Pole zake. Mimi nimekuja na hesabu, na naomba msikilizaji achukue kalamu. Mwalimu amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu bora ni milioni 1 na laki 2 kwa mwezi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, kinasema 360 gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka mzima, zidisha kwa 12.5, halafu chukua asilimia ya mkupuo, zile hela unazopewa kwa mara moja ukistaafu.

ZUHURA: Asilimia ngapi? Maana hapo ndipo watu wanapogombana.

MASANJA: Kuanzia Julai 2022 ilikuwa 33. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa wale ambao mfuko wao wa zamani wa pensheni ulikuwa unatoa 50, na 35 kwa wale waliokuwa kwenye 25. Mwalimu wetu yuko kwenye 40. Anapata kama milioni 44 na laki 7 kwa mkupuo, na pensheni ya kama shilingi 447,000 kila mwezi. Milioni 44 ukiitazama kwenye simu ni nyingi. Dalali naye anajua umestaafu, anakuletea nyumba ya milioni 44.

ZUHURA: Na hapo ndipo ninapowaomba wazazi wangu: usitaje bei yako kabla hujatenga hela ya kodi. Itoe kwanza, iweke pembeni, halafu ndiyo upatane kwa kilichobaki.

MASANJA: Chukua nyumba ya milioni 38. Ushuru wa stempu ni shilingi 500 kwa laki 1 ya kwanza, kisha asilimia 1 kwa kinachozidi. Inakuja 379,500. Hiyo kwa kawaida ni ya mnunuzi, na inalipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Kodi nzito ni ile ya faida ya mtaji, asilimia 10 ya faida aliyopata muuzaji.

ZUHURA: Ya muuzaji. Rudia hapo kaka.

MASANJA: Ya muuzaji! Aliyepata faida ndiye alipe. Kama nyumba ilimgharimu milioni 20 na ameuza 38, faida ni 18, kodi ni milioni 1 na laki 8. Kama hana kumbukumbu za gharama zake, sheria ya fedha ya 2023 imeweka asilimia 3 ya thamani. Kuna msamaha pia: aliyeimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hadaiwi.

ZUHURA: Lakini mtaani utasikia, "mimi nataka milioni 38 yangu safi mkononi, mengine yako." Mstaafu anaitikia bila kujua ameitikia nini.

MASANJA: Ndiyo maana iandikwe kwenye mkataba, mbele ya wakili, kodi gani ya nani. Tena bakisha sehemu ya malipo mpaka muuzaji alete uthibitisho kuwa kodi yake imelipwa, kwa sababu msajili wa hati hatahamisha jina bila huo. Ukishammalizia hela yote, utamtafuta wapi?

ZUHURA: Na wale wanaoshauriwa waandike bei ndogo ili kodi ipungue?

MASANJA: Thamani inapitishwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo ujanja hausaidii. Ukija mgogoro, karatasi yako inasema ulilipa milioni 15. Utadai 38 kwa ushahidi gani? Halafu mkataba ambao haujalipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe.

ZUHURA: Mama mdogo alitozwa pia asilimia 10 ya bei, eti ya serikali ya mtaa. Iliniuma kuliko vyote.

MASANJA: Hiyo hakuna sheria inayomdai mnunuzi. Kodi halali ina namba ya malipo na risiti ya serikali. Anayetaka taslimu mkononi, mwambie akuonyeshe sheria.

ZUHURA: Kuna msikilizaji wa Urambo ameuliza, kwa nini tusichukue akiba yetu ya pensheni kabla ya kustaafu, kama Kenya?

MASANJA: Kenya tangu 2020 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba, isizidi shilingi milioni 7 za kwao. Ila ushuru wa stempu kwao ni asilimia 4 mjini na 2 vijijini. Sisi ni 1. Kwetu mkupuo unakuja mwishoni, mara moja, kwa hiyo anza kuweka hela ya kodi mwaka mmoja kabla, hata elfu 40 kwa mwezi.

ZUHURA: Elfu 40 mara 12 ni laki 4 na elfu 80. Stempu ya ile nyumba imelipika na chenji imebaki.

MASANJA: Na mama mdogo aliishia wapi?

ZUHURA: Watoto walikubaliana, msimamizi wa mirathi akasaini mwaka jana. Gharama ya mahakama na nauli za mashahidi zilizidi ule ushuru aliouahirisha. Siku alipochukua hati alinipigia simu akiwa bado barazani pa ofisi ya ardhi. Alikuwa na ile ile bahasha ya kaki. Akanisomea majina yake yote matatu, polepole, kisha akaniambia nisikate, akasoma tena.