Kibali cha Kukinga Mvua

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie maji ya Wapalestina. Wengi wetu tukisikia hivyo, akili inakimbilia jangwani: nchi kame, jua kali, watu wengi. Tuiache picha hiyo mlangoni. Mji wa Ramallah hupata mvua ya mwaka inayokaribiana na ya London, na milima ya Ukingo wa Magharibi huinywa mvua hiyo na kuihifadhi ndani ya mwamba wa chokaa. Mvua inanyesha, ruhusa ndiyo hainyeshi.

Vita vya 1967, ambamo Israeli iliuteka Ukingo wa Magharibi, vilipiganwa Juni. Agosti mwaka uleule jeshi la Israeli likatoa Amri Na. 92, ikayaweka maji yote ya eneo lile mikononi mwa ofisa wa jeshi. Novemba ikafuata Amri Na. 158: mtu asijenge wala kuendesha mtambo wowote wa maji bila kibali. Tazameni tarehe hizo. Walowezi wa Kiisraeli walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuingia, lakini maji yalishatiwa kufuli. Mwaka 1982 mifumo ya maji iliyokuwa chini ya jeshi ilikabidhiwa Mekorot, kampuni ya taifa ya maji ya Israeli. Leo miji ya Kipalestina hununua kwa Mekorot sehemu kubwa ya maji yake, na baadhi huvutwa kutoka chini ya ardhi yao wenyewe.

Mtaniuliza: je, Oslo, yale makubaliano ya amani kati ya Israeli na Wapalestina? Mkataba wa 1995 uliwaachia Israeli takribani asilimia 80 ya maji ya mwamba ule wa milimani. Uliundwa uwe wa mpito, miaka mitano. Bado ndio unaotumika. Ukaunda pia Kamati ya Pamoja ya Maji, ambamo mradi haupiti mpaka pande zote mbili zikubali. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini katika Eneo C, sehemu iliyobaki chini ya udhibiti kamili wa Israeli, ambayo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, hata mradi uliokwisha kupita kwenye kamati unahitaji tena kibali cha Utawala wa Kiraia. Jina ni la kiraia. Mwenye ofisi ni jeshi.

Hapo ndipo Wabedui, Waarabu wenye asili ya ufugaji wa kuhamahama, wanapoumia zaidi, nami nataka tukae hapo kidogo. Chukueni kijiji cha Umm al-Khair, kusini mwa mji wa Hebron. Wakazi wake ni wa kabila la Jahalin, waliofukuzwa Naqab, jangwa la kusini mwa Israeli, baada ya 1948. Ng'ambo ya uzio kuna Carmel, makazi ya walowezi yaliyoanzishwa miaka ya themanini mwanzoni. Kule maji hutoka bombani kama kwenu mjini siku ya bahati. Huku nyumba nyingi zina amri za kubomolewa, maana zimejengwa bila kibali, na kibali hakipatikani. Sasa nyumba isiyotambuliwa utaiombeaje bomba la uhakika?

Jirani zao wa Masafer Yatta, kundi la vijiji vidogo, hutegemea mabirika yaliyochongwa kwenye mwamba, mengine tangu enzi za mababu. Mvua zao hunyesha majira ya baridi, kama kipupwe chetu: maji hukingwa majira hayo, yanyweshe watu na kondoo hadi kiangazi kiishe. Lakini birika nalo huhesabiwa kuwa ujenzi, na mabirika yamevunjwa kwa kukosa kibali. Birika likikauka au likivunjwa, linabaki boza, lori la kubebea maji, ambalo huuza maji kwa bei inayozidi ya bomba mara kadhaa. Sehemu kubwa ya Masafer Yatta ilitangazwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Israeli ikaruhusu wakazi waondolewe. Kwa hiyo hata barabara ya boza ni ya kubahatisha.

B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Israeli kwenyewe, lilitoa hesabu ya mwaka 2020: Mwisraeli wastani wa lita 247 kwa siku, Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi lita 82, na asiyeunganishwa na bomba lita 26. Ishirini na sita, pamoja na kufua.

Wabedui wa Naqab ni jambo jingine, msichanganye. Wao ni raia wa Israeli, hawako chini ya jeshi, ila vijiji vyao vingi havitambuliwi, na kisichotambuliwa hakipewi bomba.

Kuhusu sheria nitasema moja tu. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa ukaliaji huu ni kinyume cha sheria, na iliyagusa maji waziwazi. Ikaongeza kwamba nchi zote zina wajibu wa kutoitambua hali hiyo wala kusaidia kuidumisha. Nchi zote, yaani na zetu. Basi serikali zetu zinapotia saini makubaliano ya teknolojia ya maji na Israeli, ni haki yenu kuuliza kampuni gani inahusika, na kama inafanya kazi upande wa pili wa uzio niliousema.

Nipokee maswali.